Msiba Mbichi

Kwa muda mrefu hakuna mtu aliyekufa vizuri mkoani Iringa, na Imelda Luambano alikuwa ameanza kumwomba Mungu mambo ambayo mtu mzima hapaswi kuyaomba.

Kufa vizuri, kwa lugha ya wodi ya moyo, ni kufa kijana, kichwa kimeumia na kifua ni kizima. Vifo vya namna hiyo vilikuwa vimeadimika kama maziwa ya kuku. Sindano moja kwa mwaka ilikuwa imekomesha shinikizo la damu, malaria watoto waliisoma shuleni kwenye somo la historia, na barabarani kulikuwa na kamba. Kamba ni waya uliofukiwa chini ya lami nchi nzima. Gari likienda kombo, inalishika na kulirudisha njiani, dereva apende asipende. Watu sasa walikufa na miaka tisini, vitandani mwao, wajukuu wamewazunguka. Ni jambo la kumshukuru Mungu, na Imelda angemshukuru kama wengine, isingekuwa Tekla.

Tekla alikuwa binti yake wa pekee, mwenye miaka kumi na tisa, mtoto wa kiraka. Ndivyo walivyoitwa wale waliozaliwa na tundu la moyo baada ya serikali kuanza kupima kila kichanga na kuliziba tundu kabla mama hajatoka wodini. Zamani wangekufa hata meno hawajaota. Hawa waliishi, wakasoma, wakapendana na kugombana, kisha walipoikaribia ishirini viraka vikachoka na mioyo ikachoka navyo. Mioyo iliyooteshwa maabara, iliyowafaa wagonjwa wengine wote, kwao haikushika. Walitaka moyo wa mtu, na watu wenye mioyo mizuri walikuwa hai, wanaitumia.

"Mama, usiniangalie hivyo," Tekla alisema asubuhi ile. Alikuwa amekaa kitandani, mkoba wa pampu mapajani, mirija miwili ikiingia ubavuni. "Unanipima kama mbuzi wa mnadani."

"Nani akununue wewe? Mifupa mitupu."

Kitanda cha pili alilala Sabina, mtoto wa kiraka mwenzake, miaka kumi na mmoja, ambaye moyo wake ulichoka mapema kuliko kawaida. Alicheka, kisha akakohoa, kisha akanyamaza ili apate pumzi. Pampu yake ilikuwa ya zamani na ililia kidogo kila ilipovuta. Wote wawili walikuwa wamesikia muuguzi akisema kwamba pampu hazijaundwa kwa kukaa nazo muda huo wote. Walimsikia wakajifanya wamelala.

Imelda alikuwa anamsuka Tekla nywele alipoitwa na Daktari Rwiza, mkuu wa wodi. Alipoingia ofisini alimkuta amesimama, na juu ya meza kuna koti la dereva, la kaki, limefuliwa lakini halijakauka vizuri.

"Amepatikana," daktari alisema.

Imelda akakaa bila kukaribishwa.

"Vitalis Kikoti, miaka ishirini na minne. Lori lilimshinda jana kwenye mteremko wa Mlowela. Kichwa kimekwisha, mashine inampumulia. Moyo mzima kabisa. Na moyo huo, mama Tekla, umelingana na Tekla. Nimepima mara mbili."

Imelda alilia. Hakuona aibu kulia. Aliona aibu kwamba alikuwa analia kwa furaha, na mama wa kijana yule, kama alikuwa na mama, alikuwa mahali fulani analia kwa sababu ileile.

"Mhehe?" aliuliza mwishowe, akijifuta na kanga.

"Mhehe. Ndiyo maana nimekuita."

Kazi ya Imelda pale hospitali ilikuwa utani. Sheria inataka ukoo mzima ukubali, mwili ukiwa bado una joto, na madaktari walipojaribu kuomba wenyewe walipigwa. Mmoja alivunjwa taya na shangazi wa marehemu. Ndipo mtu mmoja mwenye akili akakumbuka kwamba katika kila msiba kuna mtu anayeruhusiwa kusema lolote asiguswe. Mgeni akiomba moyo wa maiti ni mchawi, lakini mtani akiomba ni mtani. Hospitali ikaajiri watani: Mngoni kwa Wahehe, Mpare kwa Wachaga, na kuendelea. Ila vijana wa mjini siku hizi hawajui hata watani wao ni nani, na wazee walikuwa wamestaafu. Kwa Wahehe alibaki Imelda peke yake.

"Lakini mtani haombi cha mwanawe," alisema. "Kanuni ni yenu wenyewe."

"Kanuni inasema atumwe mwingine. Hakuna mwingine, na pampu ya Tekla unaijua."

Imelda alilivuta koti akalipakata. "Sawa, naenda. Ila nikishamaliza huku, Daktari, nakwenda kwa watu wa barabara. Nitalala mlangoni kwao. Mlowela, kila mara Mlowela! Kibao cha barabarani kinasema kamba inatengenezwa tangu Tekla yuko sekondari. Na vijana wa siku hizi hawajui breki, wamezoea kushikwa na kamba. Wakifika pale wanakufa kama kuku. Mkandarasi gani huyo asiyemaliza?"

"Usiende."

"Kwa nini nisiende?"

Daktari Rwiza alifunga mlango. Alikuwa mtu mpole, aliyejulikana kwa kukaa na wagonjwa hata zamu yake ikiisha, na aliyoyasema aliyasema kwa upole uleule.

"Hakuna mkandarasi. Sisi ndio tuliomba iachwe. Nchi nzima ilipofungwa kamba tulikaa mwaka mzima bila moyo hata mmoja. Wodi hii ilijaa, ikamwagika, tukawazika wote. Tukaomba mteremko mmoja. Waya haukukatwa kwa chuki, mama Tekla. Uliachwa tu bila kuunganishwa. Kila anayekufa pale anaacha moyo, ini, mapafu, macho. Watu sita, saba wanapona. Wewe mwenyewe ndiye uliyeomba mioyo yote iliyotoka Mlowela. Ungependa tuirudishe?"

Kichwani mwa Imelda walikuwa wanapita mmoja mmoja: mwalimu aliyekuwa anakwenda kuoa, mama aliyebeba viazi, yule pacha. Misiba yote hiyo aliichekesha yeye.

"Kamba ikiunganishwa leo," daktari alisema, "Tekla atapona, kwa kuwa Vitalis ameshakufa. Lakini Sabina je? Nenda kamwambie Sabina."

"Unanifunga mdomo kwa mtoto wa mwenzangu."

"Nakueleza ninavyofungwa mimi."

Alitoka na koti mkononi na kibao cha ridhaa kwapani. Kufika mlango wa wodi alimwona Tekla, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imetimka, akimchekesha Sabina kwa kuiga sauti ya pampu yake. Akapita bila kuingia.

Nyuma ya hospitali kuna banda lenye mabenchi na mafiga, ambapo koo hukaa kwenye msiba mbichi. Msiba mbichi ni ule unaoanza marehemu akiwa bado anapumuliwa na mashine. Watu wanalia na kupika, lakini hawachimbi kaburi. Ukoo wa Kikoti ulikuwa umeshafika. Mzee Dastan Kikoti, baba wa marehemu, alikaa pembeni, kofia magotini, wala hakuwa analia. Dada yake, Shangazi Matrida, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, ndiye aliyeongoza kilio.

Imelda alilivaa koti la Vitalis akaingia akitembea kidereva, mabega yakiyumba, mkono mmoja ukizungusha usukani usiokuwepo.

"Kamwene, watumwa wangu! Nani kaniziba njia na lori langu?"

Kilio kilikatika. Shangazi Matrida aliinua uso, machozi yakimtiririka, akamwona.

"Mngoni! Mwizi huyo! Vua koti la mwanetu!"

"Nimeambiwa Mhehe amekufa, nikasema uongo. Mhehe hafi, huwa anajificha tu akisikia Mngoni anakuja."

"Mngoni gani wewe, umekonda hivyo? Ng'ombe mliotuibia wamewaishia?"

Watu walianza kucheka huku wanalia, kama inavyokuwa. Imelda alipora kata ya ulanzi, akanywa, akatema, akasema pombe gani hii, ndiyo maana marehemu ameamua kuhama. Alimpaka jivu usoni mjomba mmoja aliyesinzia. Mzee Kikoti alitazama kofia yake tu.

Kisha alisimama katikati ya banda. "Nimekuja kuchukua changu."

"Chako kipi huku?"

"Moyo."

Kukawa kimya. Kimya hicho alikizoea. Hapo ndipo huwa anasema kwamba Mhehe na moyo wapi na wapi, anataka auone kwa macho; watu wanacheka, na kicheko kinapoisha anaongea polepole juu ya wagonjwa wanaosubiri, na mara nyingi wanakubali. Siku hiyo alifungua mdomo na maneno yaliyozoeleka hayakuja.

"Kwanza niwaambie aliyemuua," alisema. "Ni sisi. Kamba ya Mlowela haitengenezwi. Hospitali ndiyo iliyoomba iachwe vile makusudi, vijana wenu waanguke, sisi tupate mioyo. Na moyo huu ninaouomba ni wa binti yangu. Amelala mle ndani, anaitwa Tekla."

Banda zima lililipuka kwa kicheko.

"Nilijua!" Shangazi Matrida alipiga mapaja. "Mikuki iliwashinda, sasa mnatega waya! Jamani, Wangoni hawa!"

"Sitanii," Imelda alisema.

Wakacheka zaidi, kwa kuwa kila mtani husema hatanii. Machozi yalimtoka. Shangazi Matrida akasimama mbele yake akamwigiza, akijipangusa na kanga kwa madaha, na akinamama wakaangukiana mabegani.

"Mzee Kikoti," Imelda alimgeukia baba. "Msimpitishe Vitalis Mlowela kesho mkienda kumzika. Zungukeni. Nakuomba."

Mzee alikuwa anacheka. Alicheka kwa shida, mabega yakitikisika, kisha akajifuta macho kwa kofia. "Tangu jana nilikuwa sipati pumzi," alisema. "Nilidhani nitakufa nimekaa. Mungu akubariki, mtani. Mwanangu alikuwa mtu wa kutoa. Lete hicho kibao."

Kibao cha ridhaa kilikuwa na sehemu mbili za viganja, cha mkubwa wa ukoo na cha mtani aliye shahidi. Mzee aliweka chake. Kibao kikawa kinasubiri.

Imelda alijua njia moja ya kuaminiwa. Mtani hakatai anachopewa msibani, kiwe kuku, kiwe kata ya ulanzi, kiwe moyo. Akikataa, utani umekufa, na kila alichosema kinakuwa neno la mtu na mtu, la kujibiwa. Hajawahi kusikia aliyekataa. Alichotakiwa kufanya ni kurudisha mkono nyuma na kusema, siutaki. Wangenyamaza, wangemwamini, na Vitalis angezikwa na moyo wake. Tekla angefuata baada ya wiki mbili, tatu.

Aliweka kiganja. Hakusita sana, na hilo ndilo lililomuuma baadaye: alitarajia mkono uwe mzito. Kibao kikawaka kijani, Shangazi Matrida akapiga vigelegele, na Imelda akasikia furaha imemjaa mpaka kooni. Aliichukia na hakuweza kuizuia.

Mtani huusindikiza mwili mpaka kaburini. Tekla aliingizwa chumba cha upasuaji jioni ileile. Kesho yake, bado hajazinduka, mama yake alipanda lori la ukoo wa Kikoti, akawekwa mbele kati ya mzee na Shangazi Matrida. Mzee mwenyewe alishika usukani. Nyuma kulikuwa na jeneza na ukoo mzima, wazee kwa watoto, wakiimba. Imelda aliwaambia tena wazunguke. Walicheka tena, lakini kidogo, kama watu waliochoka utani wa jana.

Kabla ya mteremko kuna tambarare ndogo. Pale taa ya kamba kwenye dashibodi ilizimika na usukani ukalegea mikononi mwa mzee. Mbele yao barabara iliinama ikapotea nyuma ya mwamba, na ukingoni palikuwa bado na vioo vya lori la Vitalis.

"Simamisha nikakojoe," Imelda alisema.

Mzee akasimamisha. Imelda akashuka, akaenda mbele ya lori, akalala chali katikati ya lami.

Nyuma wakashangilia. Hili walilijua: mtani huziba njia ya jeneza mpaka alipwe. Shangazi Matrida alishuka akiwa na kuku, akamtupia kifuani.

"Haya, pokea, mroho we! Tupishe."

Imelda alimsukuma kuku pembeni. "Simtaki."

"Ongeza, ongeza!" walipiga kelele juu. Ukaletwa ulanzi, dumu zima.

"Siutaki."

Shangazi alivua mtandio wake mwenyewe, mpya, akamtandazia. Imelda akaukunja akamrudishia mkononi. "Shangazi, sitaki chochote. Hampiti hapa. Niliyoyasema jana ni kweli."

Nyimbo zilikufa taratibu, kuanzia mbele kwenda nyuma. Mtu mmoja alisema kwa sauti ndogo, "Mngoni amekataa." Kuku alikimbilia majanini na hakuna aliyemfuata.

Mzee Kikoti alishuka. Alitembea hadi ukingoni, akatazama chini kwenye vile vioo, akarudi na kusimama juu yake. Imelda aliinuka akakaa. Alitamani apigwe.

"Kamba waliiacha makusudi," mzee alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Na moyo wa Vitalis uko kwa mwanao."

"Uko kwake."

Mzee alifikiri. Alikuwa mtu asiyependa kusema kabla hajamaliza kufikiri, na wote walimsubiri.

"Kumbe kuna namna ya kutufanya tuamini. Uliijua. Mbona jana hukukataa?"

"Nisingekuwa na mtoto leo," Imelda alisema. Alijua jibu hilo halitoshi.

Shangazi Matrida alianza kulia upya. Safari hii hakukuwa na mtu wa kumchekesha. Wanaume walipanda lorini wakaliteremsha jeneza, wanne wakaliweka mabegani. Watoto wakashushwa mmoja mmoja na kushikwa mikono. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo.

Simu ya Imelda ililia mfukoni. Alisoma.

"Ni hospitali?" mzee aliuliza.

"Ni daktari."

"Soma kwa sauti. Mambo yenu ya kunong'ona yamenitosha."

Imelda akasoma. "Tekla amezinduka, moyo umeshika vizuri sana. Pampu ya Sabina imesimama, tunamsukumia damu kwa mkono. Kuna chochote huko Mlowela?"

"Sabina ni nani?"

"Mtoto. Ana miaka kumi na mmoja."

Mzee Kikoti alifumba macho, akayafumbua. Aliwatazama watu wake, na wajukuu waliopangwa ukingoni mwa barabara, kisha akaenda akachukua nafasi ya mbebaji wa mbele, jeneza likakaa begani mwake.

"Mjibu," alisema. "Mwambie hakuna. Tunashuka kwa miguu."